Isekai nyepesi baada ya kazi: namna ya kuichagua na kuitazama bila kuumiza kichwa

Ukitaka anime, yaani katuni ya Kijapani, ya kutazama jioni umechoka, usianze na zile orodha za anime bora za wakati wote. Orodha hizo hupangwa na watu waliotulia, wenye nafasi ya kufuatilia misimu 4 na kukumbuka nani alimsaliti nani. Wewe umeshinda kazini Changamwe, Mombasa, umesimama kwenye foleni ya feri, umefika Likoni giza limeshaingia, na nguvu iliyobaki inatosha kitu kimoja tu cha dakika 24 kisichokuuliza swali. Kwa saa hiyo hakuna kinachofaa kuliko isekai nyepesi. Mtu wa kawaida, mara nyingi mfanyakazi wa ofisini Japani aliyechoka kukushinda, anakufa au anaitwa kwa uchawi, anaibukia dunia nyingine yenye panga na majoka, na badala ya kuhangaika kuikomboa dunia hiyo anapika, analima, anafungua duka au anajenga kijiji.

Wako wanaozidharau anime hizi kwa sababu hazina uzito. Wanazipima kwa kipimo kisicho chake. Kumpumzisha mtazamaji ni kazi yenye ufundi, na isekai iliyofanywa ovyo haimpumzishi mtu, inamuudhi. Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni moja: hii inanidai nini? Inataka nikumbuke, nisubiri, niogope, nihuzunike? Kadiri madai yanavyopungua ndivyo inavyofaa usiku wa Jumanne.

Kwa nini haimdai mtu

Sababu kubwa ni kwamba dunia yenyewe unaijua kabla hujaingia. Sheria zake zimetoka kwenye michezo ya video ya Kijapani, hasa mkondo wa Dragon Quest ulioanza 1986, ambako slime, lile tone la utelezi lenye macho, ni adui dhaifu kabisa. Mji una ukuta. Kuna chama kinachogawa kazi za kuwinda viumbe na kuokota mitishamba, kuna madaraja ya herufi au ya madini, kuna levo zinazopanda, na vipaji vya mtu vimeandikwa kwenye kadi yake. Ukitazama anime 1 ya namna hii umeshazielewa 20. Ni kama kuketi barazani Mji wa Kale: hata ukija mazungumzo yako katikati huhitaji kuanziwa upya, maana watu ni walewale na mambo ni yaleyale.

Sababu nyingine ni chimbuko lake. Nyingi zilianza Shōsetsuka ni Narō, tovuti ya Kijapani iliyofunguliwa 2004, ambako yeyote huchapisha riwaya yake sura kwa sura bila malipo. Msomaji hupitisha macho kwenye msururu wa majina, na jina ndilo linalomvuta, basi waandishi wakazoea kutia kisa kizima kwenye jina. Ndiyo maana majina ni marefu, na urefu huo unakufaa wewe unayechagua. I've Been Killing Slimes for 300 Years and Maxed Out My Level inakwambia waziwazi kwamba shujaa amefika kileleni kabla hadithi haijaanza, kwa hivyo hakuna pambano litakalokutoa jasho. Shujaa huyo, Azusa, alikufa kwa kufanya kazi kupita kiasi akiwa na miaka 27, akaomba maisha marefu ya utulivu, akawa anaua slime kama 25 kwa siku kwa miaka 300. Ukizidisha ni zaidi ya slime milioni 2.7, wote wa daraja la chini kabisa, na ndiyo siri yote ya nguvu zake. Jina likitaja kisasi, usaliti au kufukuzwa kwenye kundi, hilo ni onyo la kutosha: liache hadi Jumamosi.

Halafu kuna muundo. Msimu mmoja wa televisheni ya Kijapani kwa kawaida ni vipindi 12 au 13, kimoja kwa wiki, kuanzia Januari, Aprili, Julai au Oktoba. Kipindi ni kama dakika 24, na humo wimbo wa mwanzo huchukua sekunde 90 na wa mwisho sekunde 90. Ukiziruka zote mbili unabaki na takriban dakika 21. Isekai nyepesi huzitumia dakika hizo kwa shida moja ndogo inayoanza na kuisha hapohapo: mteja mgumu, ukuta uliobomoka, samaki mkubwa asiyejulikana namna ya kumpika.

Kupima kabla ya kujifunga

Tazama vipindi 2, si 1. Kipindi cha kwanza karibu kila mara ni kifo, mungu au mfalme, na kuwasili, na zote hufanana. Cha pili ndicho kinachoonyesha mwendo wa kila siku. Kikiisha, jiulize shujaa anataka nini kesho yake. Kama ni chakula, pesa ya kodi, paa lisilovuja au rafiki, umefika. Kama ni kulipiza au kutoroka, si nyepesi hiyo, hata ikiwa na vichekesho.

Angalia pia kama kipindi kimekatika pabaya. Anime inayokata kila wiki mtu akiwa ukingoni mwa shimo imekusudia usilale, na saa 5 usiku utajikuta unasema kimoja tu cha mwisho. Na hesabu majina. Ukifika mwisho wa kipindi cha pili na unahitaji kukumbuka zaidi ya watu 6 au 7 pamoja na falme zao, kichwa kimeshaanza kazi.

Usidanganywe na rangi wala sura. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Re:Zero ya 2016 ina rangi za kupendeza na wasichana wenye nywele za fedha na buluu, lakini kijana Subaru hufa vifo vya kutisha na kurudishwa nyuma kila mara aanze upya. Kipindi chake cha kwanza peke yake ni karibu dakika 50. Youjo Senki ya 2017 ina katoto kenye nywele za dhahabu kwenye bango, na ndani ni vita vya mahandaki na mizinga. Overlord ya 2015 ina mizaha mizuri, ila ni hadithi ya mtawala anayeua bila kutetereka. Cautious Hero ya 2019 ni ya hila zaidi, maana vipindi vyake vingi ni vya kuchekesha kwelikweli, na mwishoni inageuka kuwa nzito. Hizi si anime mbaya. Zinahitaji mtu aliyelala vizuri.

Za kuanzia

Kama utachagua moja tu, iwe Campfire Cooking in Another World with My Absurd Skill, ya studio MAPPA, vipindi 12, Januari 2023; msimu wa 2 ulitoka Oktoba 2025. Mukouda anaitwa kwa makosa pamoja na mashujaa halisi, na kipaji chake cha pekee ni kuagiza bidhaa kutoka duka la mtandaoni la Kijapani. Anaondoka kwenye kasri, anapika porini, na harufu inamleta Fel, mbwamwitu mkubwa wa hekaya, ambaye anafanya naye mkataba kwa sharti la kulishwa. Kuanzia hapo hatari zote zimekwisha: Fel anawinda, Mukouda anapika, na kislime kiitwacho Sui kinaongezeka kwenye safari. Kinachoifanya ipumzishe ni uangalifu wa michoro ya chakula. Nyama inawekwa kwenye kikaango, kingo zinabadilika rangi kwanza, mafuta yanarukaruka, sosi inamiminwa na kung'aa, kisha kamera inamngoja Fel amalize kutafuna. Hakuna anayekuharakisha. Tahadhari ni mbili. Usiitazame saa 9 alasiri mwezi wa Ramadhani. Iweke baada ya tarawehi. Na nyama inayopikwa mara nyingi ni ya orc, kiumbe ambaye humo anafanana na nguruwe kwa sura na ladha, kwa hivyo ukitazama na wazee wajulishe mapema kuliko kuulizwa katikati.

Ya pili kwa wepesi ni Restaurant to Another World: msimu wa 1 wa 2017, wa 2 wa 2021, vipindi 12 kila mmoja. Mkahawa wa Tokyo uitwao Nekoya hufungwa kwa wateja wa kawaida kila Jumamosi, na siku hiyo mlango wake hufunguka kwenye dunia nyingine. Mashujaa wastaafu, binti wafalme na joka jekundu huja kula. Joka huagiza mchuzi wa ng'ombe na kuondoka na sufuria nzima. Kwa kawaida kipindi hugawanywa vipande viwili, kila kimoja na mteja wake na chakula chake, kwa hivyo hata dakika 12 zinatosha. Humo kuna nguruwe na bia pia.

KonoSuba inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayochekesha kuliko zote na ndiyo inayowapa watu matatizo sebuleni. Kazuma anakufa akidhani anamwokoa msichana asigongwe na lori. Lilikuwa trekta linalokwenda polepole, na yeye amekufa kwa mshtuko. Anaambiwa achague kitu kimoja cha kwenda nacho dunia mpya, na kwa hasira anamchagua Aqua, mungu wa kike anayemcheka. Basi wote wawili wanaishia mji wa Axel bila pesa, wanalala kwenye banda la farasi na kufanya kibarua cha ujenzi wa ukuta.

Anayetaka kujua kama mzaha wake utamkaa amtazame Megumin kwenye kipindi cha 2. Mchawi huyu amejifunza uchawi mmoja tu, wa mlipuko, na anaweza kuutumia mara moja kwa siku. Anasimama, anakariri maneno marefu kwa fahari, mbingu inabadilika rangi, chura mkubwa kama nyumba anageuka jivu. Kisha Megumin anaanguka kifudifudi, hawezi hata kunyanyua kidole, na chura mwingine anafukuka kutoka ardhini na kummeza huku kofia yake imebaki nje. Akicheka mtu hapo, atacheka misimu yote.

Mpangilio wa kuitazama: msimu wa 1 wa 2016 na wa 2 wa 2017, vipindi 10 kila mmoja, halafu filamu ya 2019, halafu msimu wa 3 wa 2024. Ule wa Megumin wa 2023 unaeleza utoto wake na unaweza kuingia popote baada ya msimu wa 1. Usiruke filamu ukaenda msimu wa 3, maana ndiyo inayowajulisha watu wa kijiji chake. Na itazame peke yako au na rika lako, kwa hedifoni. Ina mizaha ya nguo za ndani na maneno ambayo hutaki yasikike mjomba akipita.

Kwa sebule yenye watu wa rika zote, chagua My Next Life as a Villainess ya 2020, vipindi 12. Katarina, msichana wa miaka 8, anajigonga kichwa na kukumbuka kwamba maisha yaliyopita alicheza mchezo wa mapenzi ambamo yeye ndiye yule mbaya anayeishia kuuawa au kufukuzwa nchini. Anajiandaa: anajifunza kulima ili akifukuzwa apate riziki, anajifunza upanga, anatengeneza nyoka wa bandia wa kumtishia mchumba wake. Kwa wema wake anawateka wote bila kujua. Hakuna damu. Vipindi vya mwisho vina tishio kidogo, na linakwisha haraka.

Nyingine kwa ufupi. By the Grace of the Gods ya 2020 ina mtoto anayefuga slime na kufungua dobi. Ni tulivu kiasi kwamba ndiyo ya kulalia. Kuma Kuma Kuma Bear, nayo ya 2020, ina msichana mwenye vazi la dubu lisiloshindika, na inawafaa watoto. Reborn as a Vending Machine, I Now Wander the Dungeon ya 2023 ina shujaa ambaye ni mashine ya kuuzia soda na husema maneno machache tu yaliyorekodiwa. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha, ukizidisha mzaha unachujuka. The Devil Is a Part-Timer! ya 2013 inageuza kibao: mfalme wa mashetani anakimbilia Tokyo na kuajiriwa kukaanga baga. Uncle from Another World ya 2022 ni nzuri mno, ila inadai uijue historia ya michezo ya video ya SEGA. Isekai Quartet ya 2019, vipindi vifupi vya takriban dakika 12, haina maana kabla hujatazama KonoSuba, Overlord, Re:Zero na Youjo Senki, kwa kuwa inawakutanisha watu wa anime hizo nne darasani.

Slime, na mahali pa kusimama

That Time I Got Reincarnated as a Slime ndiyo inayotajwa zaidi kijana akiuliza aanze na nini, na jibu la haki ni kwamba inategemea utakomea wapi. Msimu wa 1, vipindi 24 kuanzia Oktoba 2018, una raha ya kujenga. Rimuru, yule aliyezaliwa upya akiwa slime, anawakuta goblini, vijitu dhaifu vya porini, wenye njaa, anawapa majina, anawatafutia mafundi wa nyumba na wahunzi, kijiji kinakuwa mji, barabara zinachimbwa. Kuna sehemu mbili au tatu za huzuni, lakini mwendo haubadiliki.

Msimu wa 2 wa 2021 unaleta shambulio kwenye mji huohuo na msiba ambao huutarajii baada ya utulivu wote ule. Msimu wa 3 wa 2024 unaanza kwa vipindi kadhaa vya vikao, watu wameketi mezani wakijadili mikakati, na mtu aliyechoka anapotea baada ya majina ya mataifa ya kwanza. Njia nzuri ni hii: maliza msimu wa 1, nenda The Slime Diaries ya 2021, vipindi 12 vya maisha ya kila siku mjini, mavuno, sherehe na baridi ya kwanza. Hapo pumzika. Msimu wa 2 uanze siku ambayo uko tayari kwa hadithi, kwa sababu ni hadithi nzuri inayostahili macho mawili.

Bando, malipo na joto

Kipindi cha dakika 24 mara 12 ni dakika 288, yaani karibu saa 5. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, simu ikiwekwa kwenye hali ya kuokoa data, GB 1 hutosha kama saa 6, kwa hivyo msimu mzima ni kama GB 0.8. Ikiachwa ijiamulie, GB 1 ni kama saa 4, na msimu unafika GB 1.2. Ukitazama kwenye televisheni kwa picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na msimu huohuo ukamaliza GB 14. Michoro ya isekai nyepesi haipotezi mengi ikipunguzwa ubora kwenye skrini ya simu, basi punguza bila wasiwasi. Ingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya matumizi ya data, ubadilishe kabla hujaanza. Ukisubiri hadi bando linapokwisha umechelewa.

Ni bora zaidi kupakua kwenye waifai usiku au kazini na kutazama bila mtandao. Pakua vipindi 3 au 4 tu. Vilivyopakuliwa vina muda: Netflix huonyesha muda uliobaki ukishuka chini ya siku 7, na vingine huisha saa 48 baada ya kuanza kuvicheza. Anayejaza simu vipindi 24 Jumatatu hukuta nusu vinadai intaneti yuko katikati ya kivuko. Kwenye Crunchyroll, huduma ya mtandaoni ya kutazamia anime, hakikisha kabla ya kulipa kwamba kifurushi unachochukua kinaruhusu kupakua. Orodha za anime hutofautiana kwa nchi na hubadilika, kwa hivyo tafuta kwa jina la Kiingereza, na likikosekana jaribu la Kijapani.

Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya M-PESA GlobalPay, ambayo Safaricom waliianzisha 2022. Ile nambari ya usalama ya tarakimu 3 ni ya muda mfupi, kwa hivyo iombe ukiwa tayari uko kwenye ukurasa wa kulipia. Ukiiomba mapema, malipo yanakataliwa na unadhani kadi ni mbovu. Usajili hujirudia kila mwezi, basi acha salio la kutosha tarehe hiyo au usitishe mapema.

Joto la kaskazi, hasa Februari na Machi, ni adui wa simu. Simu inayocheza video, imechomekwa chaji na imelazwa juu ya godoro itapata moto, itafifisha skrini yenyewe na chaji itapanda polepole au isimame. Chaji kwanza, kisha chomoa ndipo utazame. Iegemeze kwenye kitu kigumu, nyuma yake pawe wazi, feni ipite. Stima ikipotea, kipindi kilichopakuliwa na skrini iliyopunguzwa mwanga kitakufikisha mwisho bila shida.

Mikono ikiwa na kazi

Hii ndiyo faida kubwa ya isekai nyepesi ambayo anime nzito haiwezi kukupa: unaweza kuitazama huku unafanya kitu. Ila chagua sauti kwanza. Ukiwa umekaa tu, sauti za Kijapani na maandishi ya chini ni tamu zaidi, hasa KonoSuba, ambako kilio cha Aqua ni nusu ya mzaha. Mikono na macho vikiwa kazini, weka sauti za Kiingereza, maana maandishi hayasomeki ukitazama kisu. Misimu mipya mara nyingi hupata sauti za Kiingereza wiki kadhaa baada ya Kijapani, kwa hivyo kwa jikoni tumia za zamani kidogo.

Unga wa chapati ukishakandwa unataka kupumzika nusu saa, na hicho ni kipindi 1 pamoja na nyimbo zake. Mbaazi zilizolowekwa zinakwenda vipindi 2 au 3 kabla ya kutia tui. Kwa kukuna nazi, weka simu upande wa pili wa sinia, urefu wa mkono na nusu kutoka kwenye mbuzi, imeegemea sufuria nzito, skrini usawa wa kifua. Ikiwa karibu zaidi chicha na maji ya nazi vinairukia, na ikiwa chini utainamisha shingo na kukosa kuona meno ya mbuzi, hapo ndipo vidole vinapokatwa. Usikune nazi huku unatazama anime mpya. Tumia kipindi ulichokwisha kukiona au By the Grace of the Gods, ambayo ukiikosa dakika 5 hujakosa kitu.

Kwenye feri na matatu, hedifoni zenye waya zinafaa kuliko zisizo na waya, kwa sababu moja ikidondoka kwenye msukumano wa kushuka hutaipata. Na sikio moja liache wazi.

Inapoacha kufanya kazi

Baada ya anime 5 au 6 mfululizo utahisi zote ni moja, na hisia hiyo ni ya kweli: chama kilekile, kadi ileile, yule mpokezi anayeshangaa nguvu za shujaa. Wengi hapo hutafuta jina jingine maarufu na kuchoka zaidi. Dawa ni kubadilisha kazi ya shujaa. Kutoka mpishi nenda mkulima, kama Farming Life in Another World ya 2023, ambayo ina mwanamume mmoja na jembe la ajabu, na wanawake wengi wanaohamia kwake, kwa hivyo si ya watoto. Kutoka mkulima nenda Parallel World Pharmacy ya 2022, ya mfamasia. Kutoka hapo nenda Ascendance of a Bookworm ya 2019, ambamo msichana mgonjwa mgonjwa anajaribu kutengeneza karatasi kwa mikono ili apate vitabu. Hiyo ya mwisho ni ya polepole na ina umaskini wa kweli ndani yake, lakini hatua za kutengeneza karatasi, kuchemsha magome, kuyaponda, kuyachuja, zinatuliza kama mapishi ya Mukouda.

Tatizo jingine ni kipindi kujianzisha chenyewe. Zima uchezaji wa kujiendesha kwenye mipangilio ya wasifu wako wa Netflix. Kama usingizi umekushika kabla ya mwisho, simama katikati, dakika ya 11 au 12, pale picha fupi ya mapumziko inapotokea; shida ya kipindi mara nyingi imeshaelezwa na bado haijapamba moto, na kesho utaendelea bila kurudia. Ukisimama dakika ya 18 itabidi uanze tena.

Na ikitokea umerudi baada ya wiki 3 umesahau ulifika wapi, usirudie msimu. Fungua Restaurant to Another World, msimu wa 2, kipindi chochote. Mlango utafunguka, mteja ataingia, ataketi, na ataagiza.